Safu ya Saba

Ruweida amefungua jedwali: mistari mia tatu na kumi,
safu sita. Jina, mwandishi, mwaka,
mchapishaji, lugha, hali ya karatasi.
Mimi nimefungua dirisha, maana chumba hiki cha juu, hapa Langoni,
chanuka gundi ya kale na mkojo wa paka.

Ombi la ufadhili lafungwa Ijumaa kabla ya sala.
"Andika lengo kwa sentensi moja," asema.
Naandika: Kuhifadhi vitabu vya watoto vya Amu.
Nafuta. Kinachohifadhiwa ni achari.
Naandika: Kuvirudisha.
"Kwa nani?"
Sina jibu. Namwagia chai ndani ya kisahani, ipoe.

Vitabu vyenyewe viko mkekani.
Hivi vimetoka kabati la skuli iliyoezuliwa paa,
hizi daftari ni za marehemu Bi Mwanaesha Shebwana,
miaka thelathini akifunza chekechea,
na hiki nimekikomboa kwa muuza bajia wa kona ya soko,
kurasa kumi na mbili za mwanzo zishaliwa na wateja.
Hadithi yaanzia sungura keshafungwa kamba.
Kosa lake hatutalijua.
Hali ya karatasi: mafuta.

Adhuhuri twagombana.
Bi Mwanaesha aliandika kama alivyosema:
mato, ndaa, ndia, nti.
Ukitafuta macho, mato hayaji.
Ukitafuta njaa, watoto wote wa daftari ya tatu wameshiba.
Na pale juu ya kila ukurasa wa kwanza, kwa wino wa buluu,
Hadithi, hadithi! Hadithi ndoo!
kompyuta imeiweka chini ya "vyombo vya nyumbani",
pamoja na karai na sufuria.

Ruweida, mtu wa Malindi, acheka hadi miwani yamtoka.
"Basi tusanifishe safu moja, Kiamu chenu tukipe ya pili."
"Kwa nini chetu kiwe cha pili?"
Sauti yangu imepanda kuliko nilivyotaka.
Chini, cherehani ya Bi Khuzeima yanyamaza kidogo,
kisha yaendelea.

Ndipo Nuswaiba apanda na sahani ya mkate wa mofa,
miaka minane, vidole vina unga.
"Usiguse!" twasema sote wawili, kwa mara ya kwanza leo tumekubaliana.
Keshagusa. Keshakaa. Asoma jalada la ndani kwa sauti:
Kitabu hiki ni cha Fumo wa darasa la tatu.
Atakayekiiba avimbe tumbo kama puto.
"Huyu Fumo yuko wapi?"
Mwandishi twamjua, mchapishaji, mwaka.
Ruweida avuta kibodi, aongeza safu ya saba: Nani alikishika.
Mstari wa arobaini na moja, aandika Fumo.
Mistari mingine yote, tupu, yatutazama.

Nuswaiba amefika kwa sungura.
"Alifanya nini?"
"Kurasa zimepotea, mwanangu."
Anitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana.
"Alimwazima fisi kiatu," asema, "siku ya Idi,
akamwambia vyote viwili ni vya kulia,
fisi akazunguka, akazunguka, hata msikitini hakufika—"

Ruweida ameshaanza kuchapa.
"Hii si data," namnong'oneza.
"Ni nini basi?"
Mwandishi: Nuswaiba. Mwaka: huu.
Lugha, asita, anitazama, aandika: Kiamu. Safu ya kwanza.

"Nuswaiba! Uzi mweupe, dukani, sasa hivi!"
Sauti ya mama yake yapanda ngazi kuliko paka.
Mtoto ashuka mbio, unga umebaki ukurasa wa kumi na tatu,
fisi amebaki njiani akizunguka.

Twangoja. Mofa imepoa.
Lengo bado halijapata sentensi.